Nyota ya Alhamisi

Babu alinikuta nyuma ya maabara, saa tano na nusu usiku, nimelala chali kwenye mkeka, tochi niliyoifunga kitambaa chekundu ikiwa kifuani. Akasimama mbali kidogo, rungu mkononi.

"Nani hapo?"

"Ni mimi, Babu. Shikamoo."

"Marahaba. Mwalimu, kuna usalama kweli? Baridi yote hii?"

Ilikuwa Julai 2018, na anayezijua nyanda hizi za juu ya Isyonje, mkoani Mbeya, anajua baridi ya Julai ikoje. Alfajiri majani ya viazi hukutwa meupe kwa barafu, na maji ya ndoo iliyolala nje huwa na ngozi ngumu juu yake. Nilikuwa mwaka wa pili nafundisha fizikia katika sekondari moja ya huko. Babu alikuwa mlinzi wetu wa usiku. Jina lake silitaji hapa, na hata shuleni hakuna aliyelitumia, kuanzia mkuu wa shule hadi kidato cha kwanza. Wote tulimwita Babu.

Nikamwambia natazama nyota inayopungua na kuongezeka mwanga. Akauliza kama inafanya kama mwezi. Nikasema hapana, mwezi hauna mwanga wake, tunachoona kikikua na kupungua ni sehemu yake inayomulikwa na Jua, lakini nyota hii inabadilika yenyewe. Inavimba na kusinyaa, na ikifanya hivyo mwanga wake unapanda na kushuka. Mzunguko mmoja unachukua siku saba na kitu. Babu akatazama juu muda mrefu, kisha akasema neno ambalo tangu siku ile sijaacha kulitumia darasani: "Kwa hiyo inapumua."

Nyota yenyewe inaitwa Eta Aquilae, iko kwenye kundi la Ukabu, yaani Tai. Sikuichagua kwa sababu ya ukubwa wa jina lake. Niliichagua kwa sababu sikuwa na darubini. Hii unaiona kwa macho, na kwa sisi wa Mbeya inapita karibu na utosi, katika miezi ileile ambayo mvua imekatika na anga limetakata. Ikiwa juu kabisa inafika magnitudo 3.5, ikiwa chini inashuka hadi 4.4. Kipimo hiki kinakwenda kinyume na mazoea ya wengi: namba ikiongezeka, mwanga umepungua. Hatua moja ya magnitudo ni kama mara mbili na nusu za mwanga, na hatua tano ni mara 100 kamili. Tofauti ya 0.9, basi, maana yake nyota hii katika kilele inatoa zaidi ya mara mbili ya mwanga inaoutoa ikiwa chini. Kitu kikubwa hivyo kinatokea juu ya vichwa vyetu kila wiki, na tunapita tukitazama miguu.

Namna ya kupima bila chombo ni ya zamani na ni rahisi kuieleza. Unachukua nyota za jirani zisizobadilika, ambazo mwanga wake unajulikana, unaiweka yako katikati ya mbili: hii inaizidi, hii inazidiwa. Kisha unakadiria iko karibu na ipi. Mjerumani Argelander ndiye aliyeipanga kazi hii kwa hatua katika karne ya 19, na watu bado wanaitumia. Jirani za Eta Aquilae ni kama ziliwekwa hapo makusudi. Ukielekea kaskazini ikiwa imesimama juu, kulia kwake kuna Theta, 3.2. Kushoto kuna Delta, 3.4. Pembeni ya Altair, nyota inayong'aa kuliko zote katika kundi hilo, kuna Beta, 3.7. Na kuna Iota, 4.4. Kwa hiyo nyota yetu ikiwa kileleni inakaribia kulingana na Delta, na ikiwa chini kabisa inalingana na Iota.

Babu hakuwa na haja ya herufi za Kigiriki. Altair na nyota mbili zinazopakana nayo aliziita Mzee na walinzi wake wawili, na Beta, yule mwenye mwanga mdogo kati ya hao wawili, akawa Mlinzi Hafifu. Delta akaiita ya Kushoto, Theta ya Kulia. Iota akaiita Yatima. Wiki ile ya kwanza alikuja kila usiku baada ya kuzunguka uzio. Niligundua haraka kwamba macho yake yalikuwa mazuri kuliko yangu, kwa sababu moja ambayo sikuitegemea: alikuwa gizani tangu jioni. Mimi nilitoka kwenye chumba chenye taa kusahihisha madaftari, na jicho linahitaji karibu nusu saa gizani kabla halijafunguka sawasawa. Yeye hata jiko lake la mkaa alilipa mgongo, kwa sababu, alisema, mlinzi anayetazama moto haoni mwizi.

Mwezi wa Julai nyota hiyo ilikuwa inafika juu saa saba, saa nane za usiku. Mimi asubuhi nina kipindi cha kwanza. Nikamwomba Babu: usiku nisipokuwepo, nisaidie kutazama, uandike kwenye kitabu chako. Hakusita. Alikuwa na kitabu cha lindo, daftari kubwa la mistari lenye jalada gumu, na kila saa aliandika ndani yake. Saa 4: hali shwari. Saa 5: hali shwari. Saa 6: mbwa wamebweka upande wa bwenini, nimekagua, hali shwari. Akaongeza mstari mmoja tu kwa usiku: *Nyota ya Mwalimu: inazidi Mlinzi Hafifu kidogo.* Au: *iko sawa na Yatima.* Mwisho wa wiki nilinakili mistari hiyo kwenye daftari langu, nikageuza maneno kuwa namba.

Hapo ndipo nilipokosea, na sikujua nimekosea kwa muda wa miezi mitatu.

Tarehe 7 Agosti, Jumanne, saa nne usiku, niliitazama mwenyewe. Ilikuwa inapanda, iko kati ya Beta na Iota, nikaandika 3.9. Siku iliyofuata ilikuwa Nane Nane. Nilipokuja kunakili kitabu cha Babu, nikakuta chini ya ukurasa wenye kichwa *8 Agosti 2018, Jumatano*, saa 8 usiku, ameandika: *Nyota ya Mwalimu: karibu sawa na ya Kushoto.* Yaani 3.5. Nikapiga hesabu. Saa nane usiku wa tarehe 8 ni saa nne tu baada ya mimi kuiona ikiwa 3.9. Nyota hii hupanda kwa zaidi ya siku mbili kutoka chini hadi juu. Haiwezi kuruka hivyo ndani ya saa nne. Nikasema moyoni, mzee wa watu, macho yamechoka. Nikapiga mstari juu ya kadirio lake.

Nilifanya hivyo tena, na tena. Makadirio yake ya wakati nyota inashuka yalikaa karibu na yangu, lakini yale ya wakati wa kupanda yalikuwa kila mara yametangulia. Kufikia Oktoba nilikuwa nimefuta kumi na moja. Sikumwambia. Niliona nitamvunja moyo, na nilifurahia kuwa naye, kwa hiyo nikaendelea kumshukuru kila Jumamosi kwa mistari ambayo nilikuwa naitupa. Hilo linaniuma hadi leo kuliko kosa lenyewe.

Wakati huohuo makadirio yangu yalikuwa yananipendeza sana. Unajua, siku 7.177 ni wiki moja na saa nne na dakika kumi na tano hivi. Ni kama nyota imeamua kufuata kalenda ya shule. Mwezi wa Agosti kilele chake kilikuwa kinaangukia Alhamisi, na mimi nikaizoea hivyo. Wanafunzi wa kidato cha tatu nao wakaizoea, wakaiita Nyota ya Alhamisi. Alhamisi nikitoka nje nilijua nakwenda kuiona iking'aa. Na niliiona iking'aa.

Mwanzoni mwa Novemba, mvua za kwanza zikakaribia na mawingu yakaanza kutufungia anga. Nikakaa chini na karatasi ya grafu. Kazi yenyewe inaitwa kukunja: unachukua kila kadirio, unatoa 7.177 mara nyingi iwezekanavyo kutoka kwenye tarehe yake, ili usiku wa wiki zote uangukie ndani ya mzunguko mmoja. Kama umepima vizuri, nukta zilizotawanyika miezi mitatu zinajipanga kuwa mlima mmoja: upande mmoja mkali wa kupanda, upande wa pili wenye mteremko mrefu. Nilikuwa nimewasimulia wanafunzi habari za mlima huo kwa hamu kubwa.

Mlima haukutokea. Kulikuwa na kitu kama kilima kilichokanyagwa. Nukta za Agosti zilipanda mahali pamoja, nukta za Septemba na Oktoba zikapanda mapema zaidi, na kilele kilikuwa kipana kama uwanja wa mpira. Nikarudia hesabu ya kikokotozi mara tatu. Kisha nikaenda kuchukua kitabu cha lindo cha Babu, nikitaka kuhakikisha kama sikukosea kunakili.

Nikafungua ukurasa wa Nane Nane. Nikausoma wote, kwa mara ya kwanza, si mstari wa nyota peke yake. Saa 5: hali shwari. Saa 6: hali shwari. Halafu: *Saa 7 na dakika 10 usiku: gari la wanafunzi limerudi, geti limefunguliwa, wote salama.*

Mimi nilikuwa ndani ya gari hilo. Tulikuwa tumepeleka kazi za wanafunzi kwenye maonyesho, viwanja vya John Mwakangale jijini Mbeya, na tulikaa huko Jumatano yote, tarehe 8, hadi jioni. Kurudi tukapata pancha, na baada ya pancha tukapata pancha nyingine, gizani, watoto wanaimba ili wasisikie baridi. Tulipofika getini saa saba na dakika kumi, simu yangu ilikuwa inasoma tarehe 9.

Nilikaa na ukurasa ule mkononi, nikaona kila kitu kwa pamoja. Babu anaingia lindo saa kumi na mbili jioni. Anaandika tarehe juu ya ukurasa. Ukurasa huo ni wa lindo lote, mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Kwake, saa nane ya usiku ule bado ni lindo la Jumatano. Mimi nilisoma "tarehe 8, saa nane usiku" kwa kalenda ya simu, ambayo siku yake inakatika saa sita za usiku, nikalirudisha kadirio lake nyuma kwa siku nzima. Na siku moja kamili, kwenye nyota ya siku saba, si jambo dogo. Kwenye upande wa kupanda ni karibu magnitudo 0.4, yaani nusu ya mlima.

Ajabu ni kwamba lugha yetu ilikuwa imenionya. Nimekua nikisikia watu wazima wakisema "usiku wa kuamkia Alhamisi", na nilidhani ni namna tu ya kupamba maneno. Ni usahihi. Usiku mmoja uko kati ya siku mbili, na anayesema "Jumatano usiku" bila kuongeza neno hajasema lini. Wanaastronomia walikutana na tatizo hilohilo na wakalitatua kwa namna yao: wanahesabu siku mfululizo bila miezi wala miaka, kuanzia mwaka 4713 kabla ya Kristo, na siku yao inaanza saa sita mchana kwa saa za Greenwich. Inaitwa siku ya Julian. Kwetu saa sita ya Greenwich ni saa tisa alasiri, kwa hiyo usiku mzima wa Mbeya, kutoka magharibi hadi alfajiri, unabaki na namba moja. Nane Nane ile, kuanzia saa tisa alasiri, ilikuwa siku ya 2,458,339, na lindo lote la Babu linakaa humo bila kukatika. Mzee yule hakuwahi kusikia jina la Julian, lakini kitabu chake kilipangwa kwa akili ileile. Ni mimi niliyekivuruga.

Nikasahihisha tarehe zake zote. Nukta kumi na moja nilizozifuta nikazirudisha. Zikajipanga kama zilizopigwa rula: zikapanda pamoja, zikashuka pamoja, Agosti na Septemba na Oktoba. Mlima wangu ulikuwa pale, na ulikuwa umeandikwa na Babu.

Basi nikabaki na nukta zangu, ambazo tarehe zake zilikuwa sahihi. Kwa nini zilitawanyika?

Jibu lilikuwa kwenye Alhamisi ya tarehe 4 Oktoba. Usiku ule tulitazama wote, mimi saa mbili, yeye saa tano. Mimi niliandika: sawa na Delta au chini kidogo, 3.5. Babu aliandika: *sawa na Mlinzi Hafifu.* Hiyo ni 3.7. Ukitumia mzunguko wa nyota yenyewe, Babu ndiye aliyepatia. Zile saa nne na robo za ziada zinajikusanya kila wiki. Toka ile wiki ya Nane Nane zilikuwa zimepita wiki nane, na kilele kilikuwa kimesogea karibu siku moja na nusu. Mwezi wa Oktoba haikuwa nyota ya Alhamisi tena, ilikuwa inafika juu Ijumaa. Mimi nilikuwa bado natoka nje Alhamisi nikijua nitakachokiona, na macho yangu yalinitii. Hesabu ya 7.177 niliijua kwa kichwa. Niliiandika ubaoni. Haikunisaidia kitu, kwa sababu nilipokuwa nimelala kwenye mkeka sikuwa natazama kwa hesabu, nilikuwa natazama kwa mazoea.

Babu hakuwa anajua nyota inatakiwa kuwa wapi. Hakuna aliyemwambia kilele ni lini. Aliitazama kama alivyotazama uzio: kuna tundu au hakuna tundu.

Kesho yake nilimwendea kwenye kibanda chake, nikamweleza yote, pamoja na habari ya mistari niliyoifuta. Nilimwomba radhi. Alinyamaza akichochea mkaa, kisha akauliza swali moja: "Kwa hiyo ile ya saa nane, ukurasa wa Nane Nane, ilikuwa sawa?" Nikamwambia ilikuwa sawa kabisa. Akatikisa kichwa. "Nilijua. Niliitazama mara mbili."

Mwaka uliofuata tulibadili namna ya kufanya kazi. Kila ukurasa ukaandikwa tarehe mbili: usiku wa kuamkia. Mimi nikaacha kabisa kufungua makadirio ya nyuma kabla sijaandika jipya. Wanafunzi wanne waliingia kwenye zamu, kila mmoja na karatasi yake, anaikunja na kuitumbukiza kwenye boksi la chaki lililozibwa, na boksi halifunguliwi mpaka mwisho wa mwezi. Tuliongeza pia safu ambayo Babu alikuwa nayo tangu mwanzo na mimi sikuwa nayo. Usiku wa mawingu mimi nilikuwa siandiki kitu. Yeye aliandika: *Nyota ya Mwalimu: haionekani, ukungu.* Tofauti ni kubwa. Ukurasa wangu mtupu ulikuwa haujulikani kama nilitazama nikakosa, au nilisahau, au nililala. Mwezi wa Septemba, watu wanapochoma mashamba na moshi unalala mabondeni, alikuwa anaandika hata hilo: *moshi, nyota zote zimefifia, lakini bado inazidi Yatima.* Kadirio la namna hiyo bado ni zima, kwa sababu moshi unapunguza nyota zote za jirani kwa pamoja, mradi zisiwe zimeinama karibu na upeo wa macho.

Baadaye tulipata kamera, ya mitumba, kutoka kwa mpiga picha wa mahafali aliyekuwa ananunua mpya. Kamera ni jambo jingine na sitaki kukaa sana hapo. Unaiweka kwenye miguu mitatu, unalegeza fokasi yake kidogo ili nukta ya nyota itanuke kuwa kiduara, unapiga picha kumi za sekunde chache, na programu inajumlisha mwanga wa kila kiduara na kuulinganisha na wa jirani zake katika picha ileile. Jicho langu linakosea kwa 0.1 au 0.2. Kamera inashuka hadi sehemu za mia za magnitudo. Kwa kamera tuliona kitu ambacho macho hayakutuonyesha: kwenye mteremko wa kushuka kuna kinundu, mahali nyota inasitasita kabla ya kuendelea kuteremka. Wanafunzi walipiga kelele. Kinundu hicho kinajulikana duniani kote kwenye nyota za aina hii zenye mzunguko wa karibu siku hizo, lakini kukiona kwenye karatasi yako, kutoka kwenye kiwanja chako, ni habari nyingine.

Swali lililowatesa wanafunzi, na Babu pia, ni kwa nini inapumua. Nyota ya aina hii, Sefeidi, ni kubwa kuliko Jua mara makumi kadhaa, na ndani yake, chini ya uso, kuna tabaka la heliamu. Nyota inaposinyaa, tabaka hilo linabanwa na kupata joto mpaka atomu zinapoteza elektroni. Katika hali hiyo heliamu inakuwa kama pazia zito: mwanga unaotoka ndani unazuiwa, joto linalundikana. Niliwaambia wafikirie sufuria la makande lenye kifuniko kizito. Mvuke unajaa, kifuniko kinainuka, mvuke unatoka, kifuniko kinaanguka, na mambo yanaanza upya. Tabaka linasukumwa nje, likitanuka linapoa, elektroni zinarudi kwenye atomu, pazia linafunguka, joto linapita, na uzito wa nyota unaivuta kurudi ndani. Babu alidhani, kama nilivyodhani mimi zamani, kwamba ikivimba kabisa ndipo inang'aa kabisa. Sivyo. Inang'aa zaidi ikiwa katikati ya kuvimba, inatanuka kwa kasi na uso wake una joto kali. Ikifika upana wake wa mwisho imekwisha kupoa, na mwanga umeshaanza kushuka.

Aliyeigundua Eta Aquilae kuwa badilifu ni Edward Pigott, huko York, Uingereza, tarehe 10 Septemba 1784. Rafiki na jirani yake, John Goodricke, akaigundua Delta Cephei mwaka huohuo, na Sefeidi zote zikachukua jina la nyota hiyo. Goodricke alikuwa kiziwi. Alifariki akiwa na miaka 21. Huwa nawaambia wanafunzi umri huo taratibu, kwa sababu baadhi yao, wakichelewa shule kidogo, wanaukaribia.

Na Novemba, siku ambazo mvua hazijashika, nawapeleka upande wa kusini wa kiwanja. Juu ya mlima Rungwe linaonekana Wingu Dogo la Magellan, ambalo ni mkusanyiko wa nyota nyingi za mbali, kama pumzi ya mtu kwenye kioo. Katika wingu hilo Henrietta Leavitt wa Harvard alizipima Sefeidi 25, kwenye picha zilizopigwa Peru, na mwaka 1912 akaonyesha kwamba zenye mzunguko mrefu ndizo zenye mwanga mwingi. Zote ziko umbali unaokaribiana, kwa hiyo tofauti ya mwanga ni ya nyota zenyewe. Toka hapo, ukijua nyota inapumua kwa siku ngapi, unajua mwanga wake wa kweli, na ukilinganisha na unaouona unapata iko mbali kiasi gani. Mwaka 1923 Edwin Hubble aliikuta Sefeidi moja katika Andromeda, ambayo ni galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota, na kwa njia hiyo ikajulikana kwamba Andromeda iko nje kabisa ya Njia Nyeupe, galaksi yetu. Kila umbali wa namna hiyo umesimama juu ya hesabu ya siku. Nikiwafikisha hapo, nawaonyesha ukurasa wa Nane Nane. Nimeupiga picha, nimeubandika kwenye ukuta wa maabara, pamoja na ule mstari wa gari lililorudi.

Babu alistaafu mwaka juzi, akarudi kwao Makete. Huko baridi ni kali zaidi na giza ni zito zaidi. Nilimpa nakala ya ramani ya nyota za jirani, ingawa haihitaji. Ananipigia simu siku za Jumapili, kwanza anauliza watoto, halafu viazi, halafu nyota. Wiki iliyopita simu yake iliingia saa moja na nusu jioni, nikiwa bado nasubiri giza likolee.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, mwanangu. Hamjambo huko? Ile nyota bwana, jana usiku nimeitazama, ilikuwa..."

"Babu, usiniambie kwanza," nikamkatiza. "Bado sijatoka nje."

Akacheka. Tukaongea habari za viazi.